Dereva wa Mkono Mmoja

Jumanne, 4 Februari

Kwa Kitengo cha Maoni ya Watazamaji,

Mtangazaji wenu alisema Alhamisi iliyopita, mara tu kipindi kilipokwisha, kwamba "Lango la Nyuma" imeongezewa vipindi hamsini na kwamba waigizaji wote watabaki walewale. Naandika kwa sababu ya hilo neno "wote".

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifanya kazi wodi ya kifua miaka thelathini na mmoja. Tamthilia yenu naiangalia kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, pamoja na wifi yangu, ambaye huangalia kwa mdomo. Mtu akishika kitasa tu kwenye televisheni, wifi anamwambia asiingie.

Maoni yangu kwa jumla: hadithi ni ndefu kuliko mambo yaliyomo. Tajiri wenu mwenye malori anazimia kila baada ya vipindi vinne, na kila akizimia analazwa kwenye chumba chenye maua. Mkewe anaamka asubuhi na wanja machoni. Wiki iliyopita mgonjwa alivishwa barakoa ya oksijeni juu chini, na mpira wake haukuunganishwa na kitu chochote. Hapo studio mna watu wengi. Mmoja angeweza kuangalia mpira unaishia wapi.

Kinachonifanya niendelee ni Dereva wa tajiri huyo. Jina la mwigizaji mnalipitisha mwishoni mbio mbio, sijawahi kulisoma. Ni mtu pekee katika nyumba ile anayemsikiliza mwenzake akizungumza. Wengine wanangojea zamu yao.

Sasa jambo lenyewe. Alhamisi mlimwonyesha kwa karibu akiwa nyuma ya usukani. Kope ya jicho lake la kushoto imeshuka, na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya kulia. Wifi anasema anakonyeza. Mtu akikonyeza, mboni haibadiliki. Naomba aambiwe akapige picha ya kifua, na amwonyeshe daktari jicho hilo.

Muuguzi mstaafu,
Nyumba ya kona, ghorofa ya pili


18 Februari

Mpendwa Mtazamaji,

Tunakushukuru kwa kutenga muda wako kutuandikia. Maoni yako kuhusu JICHO LA DEREVA yamepokelewa na kuwekwa katika kundi la MAPAMBO NA MAVAZI. Yatafikishwa kwa wahusika katika ripoti ya robo mwaka.

Ili kurahisisha kazi, tafadhali andika aina ya maoni yako juu ya bahasha: Hadithi, Uigizaji, Mapambo na Mavazi, Sauti, au Mengineyo.

Endelea kufurahia vipindi vyetu.

Karani, Meza ya Pili
Kitengo cha Maoni ya Watazamaji


Ijumaa, 21 Februari

Kwa Karani wa Meza ya Pili,

Nimeandika "Mengineyo" juu ya bahasha kama ulivyoagiza. Jicho la Dereva halihusiani na mapambo.

Jumanne na jana alimwendesha binti wa tajiri kwa mkono mmoja. Gari lile lina gia upande wa kushoto, na bado aliivuta kwa mkono wa kulia, akiuvusha mbele ya tumbo. Mkono wa kushoto aliulaza mapajani. Mara mbili aliushika kiwiko kwa chini, kama mtu aliyebeba mtoto. Mara nne alikunja na kukunjua kidole kidogo na kile kinachofuata.

Wifi alifurahi sana. "Mwone anavyojidai! Anazungusha usukani kama anakoroga chai!" Dereva wa teksi anayeegesha chini ya dirisha letu naye ameanza kuendesha hivyo, na jana aligusa nguzo.

Huku si kujidai. Maumivu yake yanaanza begani, yanapita ndani ya mkono mpaka kwenye vidole hivyo viwili. Nimewaona watu wakikaa hivyo kwenye benchi la wodi, tena wengi wao walikuwa wametoka kupakwa dawa ya misuli.

Nimepiga simu ya kitengo chenu mara sita. Inapokelewa na muziki.

Muuguzi mstaafu


Jumatano, 12 Machi

Kwa Karani wa Meza ya Pili,

Wiki ya tatu sina jibu. Jana sauti ya Dereva ilianza kukwaruza. Sina maoni kuhusu hadithi, uigizaji, mavazi wala sauti. Nauliza swali moja: huyo mtu ameambiwa?

Muuguzi mstaafu


Alhamisi, 20 Machi

Mama, shikamoo.

Hii ni barua yangu mwenyewe, si ya kitengo, ndiyo maana haina nembo.

Hajaambiwa kwa dhati. Barua zako tatu ninazo kwenye droo, sikuzipeleka kokote. Ile ya kwanza niliisoma kwa sauti kwenye chumba cha chai. Watu walicheka. Dada wa poda, anayewapamba waigizaji, alisema, "Huyo mama anamtaka Dereva, anatafuta pa kuanzia." Dereva mwenyewe alikuwepo, akicheka kama sisi. Naomba radhi.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jumatatu, kwenye chumba kilekile, dada wa poda alisema Dereva ndiye mwigizaji wa bei rahisi kuliko wote, kwa sababu anampaka poda upande mmoja tu. Chini ya zile taa upande wa kulia wa uso unatiririka jasho, wa kushoto mkavu kama ukuta. Watu walicheka tena. Mimi nilikumbuka barua zako, ingawa mambo ya jasho hukuyataja. Nilitoka nikaenda kufungua droo.

Kuna jambo lingine watazamaji hawalijui. Tunarekodi miezi minne kabla ya kurusha. Jicho uliloliona mwisho wa Januari lilirekodiwa mwisho wa Septemba. Mkono ulirekodiwa Oktoba. Leo Dereva ni mwembamba kuliko huyo unayemwona, na shati lake la kazi limepunguzwa mara mbili.

Niambie nifanye nini.

Karani


Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu, marahaba.

Miezi minne. Ningelijua hilo ningekuja kwa miguu.

Jasho, kope, mboni na mkono vinatoka mahali pamoja: juu kabisa ya pafu, nyuma ya mfupa wa mtulinga. Kitu kikiota pale kinakandamiza mishipa ya fahamu inayopita. Mgonjwa anaenda kutibiwa bega, na daktari wa bega hana sababu ya kuangalia jicho.

Fanya hivi, leo hii. Muulize kama anavuta sigara, na tangu lini. Usitaje saratani, taja bega, mtu hukubali kupelekwa hospitali kwa ajili ya bega. Nenda naye. Mpiga picha aambiwe aangalie juu kabisa, nyuma ya mfupa, kwa sababu pale ndipo panaporukwa.

Kuanzia sasa barua zangu nitaziandika hivi juu: "Karani wa Meza ya Pili, mkononi mwake." Sitaki tena kuingia kwenye ripoti ya robo mwaka.

Kuhusu kucheka, nimecheka mengi wodini. Endelea.

Muuguzi


Ijumaa, 4 Aprili

Mama, shikamoo.

Nilimkuta ndani ya gari. Gari lenyewe ni nusu: limekatwa nyuma ya viti, halina injini, na wakati wa kurekodi watu wawili wanalitikisa kwa mbele ili lionekane liko barabarani. Yeye hupenda kukaa humo hata wakati wa mapumziko, anasema kiti chake ndicho pekee jengo zima kisichomuumiza.

"Bega linaendeleaje?" nikamuuliza.

"Bega la nani?"

"Lako."

"Nani kakwambia nina bega?" Halafu akacheka, akakohoa, akashika kiwiko. "Ahaa. Yule mama wa jicho. Bado anaandika?"

"Ameandika mara nne."

"Mwambie nimeoa."

Anavuta tangu ana miaka kumi na sita. Novemba alienda zahanati, akapewa dawa ya kuchua. Inasaidia kidogo, anasema, na hataki kwenda kwingine mpaka vipindi vyote viishe kurekodiwa. Alinikumbusha yaliyompata aliyeigiza mpishi wa tajiri. Mwaka jana yule mama aliugua wiki mbili, aliporudi akakuta mhusika wake amehamia ng'ambo kwa binti yake. "Walimkatia tiketi ya kwenda tu," Dereva akasema.

Mama, mwongozaji anaupenda mkono mmoja. Ile sauti ya kukwaruza waandishi wameiingiza kwenye hadithi, kwamba Dereva anampenda binti wa tajiri kimoyomoyo na halali usingizi. Mwezi Machi tumepokea barua mia mbili na kumi na mbili za kumsifu kwa kukonda. Wanasema amejitoa kwa ajili ya sanaa. Zote nimezipiga muhuri wa SIFA.

Miaka kumi na tisa alikuwa akipewa nafasi za mtu wa pili mlangoni. Hii ndiyo nafasi yake ya kwanza yenye maneno kila kipindi.

Nilipokuwa naondoka akaniita. "Muulize huyo mama jambo moja. Anaonaje uigizaji wangu? Si jicho. Uigizaji. Hasa vile vipindi nilipofungiwa mahabusu." Nikamwambia ana barua mia mbili. Akasema, "Zote zinasema nimekonda vizuri. Hakuna hata moja inayosema nimeigiza vizuri. Huyo mama naona ndiye anayeangalia."

Karani


Jumanne, 8 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Mwambie Dereva kwamba maoni kuhusu uigizaji wake ninayo, tena marefu, mengine mazuri na mengine hayatampendeza. Nitamwandikia yeye mwenyewe. Lakini hayapati mpaka apige picha. Mwambie nimesema hivyo, na kwamba wodini waliniita Kufuli.

Najua hii si tabia njema. Nimejaribu ile njema tangu Februari.

Muuguzi


Ijumaa, 2 Mei

Mama, shikamoo.

Alienda. Ilimchukua wiki mbili kukubali. Tarehe 22 asubuhi nilimfuata kwake, tukaenda na mkewe. Mpiga picha nilimwambia kama ulivyosema. Akaniuliza mimi ni daktari, nikajibu mimi ni karani wa televisheni.

Daktari aliiinua picha dirishani. Juu ya pafu la kushoto pana weupe mkubwa kama yai, na ubavu wa kwanza umeshaliwa. Siku tatu baadaye vipimo vingine vikaonyesha ugonjwa umefika kwenye ini. Mkewe aliuliza kama tumechelewa. Daktari akasema, "Angekuja Septemba tungekuwa na la kuzungumza." Kisha akaongeza kwamba hata Septemba asingeahidi kitu.

Septemba, Mama. Kipindi kile ulichokiona wewe.

Daktari alikadiria wiki, hakutaja miezi. Dereva aliuliza swali moja tu, kama sauti itarudi.

Mtayarishaji ameambiwa. Alitoka, akarudi na ratiba mpya. Sehemu zote za Dereva zilizobaki kwenye skripti zinarekodiwa sasa mfululizo, zote akiwa amekaa garini. Siku ya mwisho ni Ijumaa ijayo, tarehe 9. Usimhukumu mtayarishaji kwa haraka; Dereva mwenyewe ndiye aliyeomba. Dada wa poda sasa anampaka pande zote mbili ili asijue kwamba upande wa kushoto hautoi jasho.

Anasema ametimiza sharti lako. Anangoja maoni.

Karani


Alhamisi, 8 Mei

Kwa Dereva,

Ulitaka maoni kuhusu uigizaji. Nayaandika kama nilivyokuwa nikiandika ripoti ya zamu, nilichokiona kwanza, ninachofikiri baadaye.

Mahabusu hukuigiza vizuri. Ulipiga kelele vipindi viwili mfululizo. Mtu aliyefungiwa bila kosa hupiga kelele siku ya kwanza; siku ya pili anauliza ni saa ngapi. Ulikuwa unaigiza ili tukuamini wewe, na tulishakuamini. Wifi alilia, lakini wifi hulia hata tangazo la sabuni likiwa na bibi.

Sasa kipindi cha mwishoni mwa Februari. Binti wa tajiri amekaa nyuma, anaongea na simu, anamdanganya mama yake kwamba yuko maktaba. Wewe hukuwa na neno hata moja. Ulirekebisha kioo mara mbili. Mara ya kwanza uliangalia barabara. Mara ya pili ulimwangalia yeye, halafu ukakirudisha kioo mahali pake, ili asijue kwamba umemsikia. Nilimshika wifi mkono anyamaze, na alinyamaza. Hayo ni maoni yangu makubwa kuliko yote.

Unasikiliza vizuri. Naona wengi hawajui kwamba hiyo ni kazi. Wodini nilikuwa na wauguzi waliojua kila dawa lakini hawawezi kukaa kwenye kiti na kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Wewe ungefaa.

Na mkono. Nilijua unauma. Niliangalia kama utauonyesha uchungu ule, wewe ukaugeuza kuwa tabia ya Dereva, mtu asiye na haraka. Sijui kama ulifanya makusudi. Hata kama hukukusudia, ni uigizaji, na ni mzuri.

Neno la mwisho, kwa sababu najua mko kwenye siku za mwisho za kurekodi. Wakikuandikia hotuba, ikatae. Watu wa kwenye filamu wanakufa wakishamaliza sentensi. Nimekaa na mamia wakifa, na sikumbuki hata mmoja aliyemaliza sentensi. Waliuliza mambo madogo: maji, dirisha, viatu viko wapi. Omba jambo dogo. Omba kioo.

Naandika "Uigizaji" juu ya bahasha, na chini yake "Kwa Dereva", kama kitengo chenu kilivyoagiza.

Mtazamaji wako,
Muuguzi mstaafu


30 Mei

Mpendwa Mama,

Barua yako imepokelewa.
Dereva anaendelea vizuri na anakushukuru kwa maoni.
Ratiba ya "Lango la Nyuma" haijabadilika.
Endelea kufurahia vipindi vyetu.

Karani, Meza ya Pili


Jumanne, 3 Juni

Mwanangu,

Umeniandikia mistari minne, na karatasi ina nembo. Barua za mistari minne nazijua. Nimeziandika mwenyewe kuwapelekea jamaa walio mbali, mganga mkuu akiwa amesimama nyuma yangu, mpaka taratibu zikamilike.

Niambie ni tarehe ngapi.

Muuguzi


Jumanne, 10 Juni

Mama, shikamoo.

Jumatatu, 19 Mei, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake. Mkewe alikuwepo na dada yake pia. Mwenyewe alikuwa anauliza kama kofia ya Dereva imerudishwa stoo, kwa sababu aliondoka nayo siku ya mwisho. Mkewe anasema aliuliza nusu. Umesema kweli kuhusu sentensi.

Tumekatazwa kutangaza. Vipindi vyake vinaendelea mpaka Septemba, na uongozi unasema watazamaji wakijua hawataangalia hadithi, watamwangalia yeye. Wafanyakazi wote tulitia saini karatasi. Waliokuwa mazishini walikuwa ndugu zake na sisi kumi. Ile barua ya mistari minne niliandika mkuu wa kitengo akisoma begani kwangu.

Kuna jambo baya zaidi na lazima nikwambie mimi.

Barua yako ya maoni ilifika Jumanne, tarehe 13. Siku hiyo nilikuwa kwake, alikuwa ameanza kushindwa kumeza. Bahasha haikuwa na jina langu. Ilikuwa na neno "Uigizaji". Mwenzangu wa Meza ya Kwanza aliifungua, akapitisha macho, akakuta neno "mzuri", akaipiga muhuri wa SIFA na kuiweka kwenye rundo. Barua za sifa hukabidhiwa waigizaji mwisho wa mwezi, zikiwa zimefungwa kamba. Ndiyo taratibu, na taratibu hiyo niliiandika mimi miaka minne iliyopita.

Kila siku aliniuliza. "Kufuli kaandika?" Nikamwambia posta inachelewa. Tarehe 16 aliniambia, "Basi itakuwa sikuigiza vizuri, anaona haya kusema." Nikamwambia hapana. Aliniangalia kama unavyosema wewe, akisikiliza mpaka mwisho, halafu akageukia ukutani.

Niliiona kwenye rundo tarehe 20.

Mkewe alipewa rundo lote tarehe 31. Barua mia tatu za kukonda, na ya kwako katikati. Ameisoma. Aliniuliza wewe ni nani. Pia aliniambia lile la kurekebisha kioo mara ya pili lilikuwa la makusudi. Alilifanyia mazoezi nyumbani na kioo cha kunyolea, wiki nzima, yeye mkewe akikaa nyuma kwenye kochi na kujifanya anaongea na simu.

Mwigizaji mpya ameshapatikana. Anarekodi tangu Jumatano. Kwenye hadithi Dereva anakwenda likizo na kurudi mzima, mnene kidogo, kofia ileile. Ataanza kuonekana Jumanne, 16 Septemba. Mwongozaji amemwagiza aendeshe kwa mkono mmoja.

Mke wa Dereva anaomba jambo. Vipindi vilivyobaki hawezi kuviangalia peke yake, na ndugu zake wanapiga kelele. Anauliza kama siku ya kile cha mwisho anaweza kuja kukaa na mtu anayejua pa kuangalia.

Karani


Jumatatu, 16 Juni

Mwanangu, marahaba.

Juu ya bahasha niliandika kama nilivyoagizwa. Kila nikiifikiria naona mkono wangu ukiandika neno lile kwa herufi nzuri. Wewe uliandika taratibu, mimi nikaifuata, mwenzako akaitekeleza. Hakuna aliyekosea, na Dereva hakuipata. Usiniandikie tena kuomba radhi.

Sharti langu nalo nimelipigia hesabu. Ningempa maoni Aprili bila masharti, angeyasoma akiwa na nguvu, na picha ingesema vilevile. Sina cha kuongeza hapo.

Alhamisi tuliangalia kama kawaida. Alimfungulia tajiri mlango wa gari kwa mkono wa kulia, akazunguka gari zima ili asitumie wa kushoto. Wifi akasema, "Huyu amekonda mpaka amependeza. Akipona hayo mapenzi yake atakuwa mtu wa maana." Nikamwambia anyamaze. Akauliza kwa nini siku hizi nimekuwa mkali na televisheni. Nikaongeza sauti ya televisheni. Karatasi yenu sikuitia saini mimi, lakini wifi akijua, mtaa mzima utajua kabla ya chai, na wewe una kazi ya kulinda.

Kwa hiyo tutaangalia vyote. Vimebaki vipindi ishirini na sita vyenye yeye ndani. Nitaandika nilichokiona katika kila kimoja, kwenye daftari. Kile cha mahabusu sikuwa na haja ya kukisema vile. Kimo kwenye barua na mkewe ameshakisoma.

Kuhusu huyo mpya, nitakuwa na maoni. Hujawahi kuona mtu mwenye afya akiendesha kwa mkono mmoja bila sababu. Mkono wa pili haujui ukae wapi.

Mwambie mke wa Dereva aje. Ghorofa ya pili, mlango wa kijani, kengele haifanyi kazi, agonge. Viti vipo vitatu. Akae kile cha katikati, ndicho kisichopata mwanga wa dirisha. Asilete kitu.

Alhamisi, 11 Septemba. Saa kumi na moja na nusu nitamwambia wifi. Saa kumi na mbili mgeni afike. Saa kumi na mbili na nusu tutawasha.

Muuguzi